Mama mkwe, magofu ya Kaole na bahari iliyozimwa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 9 na 5. Naishi Tabata na nauza vitambaa vya mapazia kwenye duka la watu. Mama yangu mzazi alikuja mwezi uliopita kutoka Iringa kutibiwa macho. Ameshapona, na baada ya wiki tatu anarudi kwake maana anasema shamba halina mtu. Ana miaka 69 na bahari hajawahi kuikaribia. Siku tunatoka hospitali nilimwonyesha kwa mbali tukiwa ndani ya daladala, akatazama kidogo akasema, "Kumbe ni kama bwawa tu." Shangazi, iliniuma.

Basi nimeamua nimpeleke Bagamoyo, Jumamosi na Jumapili, tulale usiku mmoja. Zamu yangu ya mchezo imefika, nimetenga laki tatu na nusu. Nikadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Mume wangu amegoma. Si mtu wa maneno mengi, lakini kwao mtu na mama mkwe wake hawazoeani hata kidogo. Tangu mama afike, yeye anakula chumbani. Ananiambia, "Nitavaaje bukta mbele ya mama? Na tukilala vyumba vinavyopakana, si nikikohoa anasikia?" Anataka twende sisi na watoto, mama abaki kwa wifi. Sasa safari ya mama bila mama ni safari gani?

Mama naye kaja na lake. Nilimwambia tutapita Kaole, jirani na Bagamoyo, kuona magofu. Akauliza magofu ni nini, nikamjibu ni misikiti ya kale na makaburi. Akaweka kikombe chini. "Makaburi ya nani? Tunawajua?" Anasema kwao makaburini mtu haendi kutembea, anakwenda kuzika au kufyeka majani. Anachokitaka yeye ni kanisa, maana tangu katekisimu alifundishwa kwamba dini yao iliingilia Bagamoyo. Mume wangu kusikia hivyo akadakia: "Hata mimi sioni sababu ya kulipa hela kutazama mawe."

Na mimi mwenyewe, Shangazi, nina kinyongo na huo mji. Idd el Fitri mwaka jana tulikwenda wanne, tukafika ufukweni saa tano asubuhi, bahari haipo. Sikutanii. Matope, majani ya baharini, mashua zimelala ubavu, maji yanaonekana kule mbali kama uzi. Mwanangu mdogo akauliza, "Mama, nani kaizima?" Tukakaa chini ya mti tunakula chipsi hadi saa nane. Akatokea kijana akajiita mwongozaji, akatuzungusha mitaa miwili, na kila tulichouliza alijibu, "Hiyo ya Mjerumani." Akataka elfu arobaini. Tulirudi tumenuna, hakuna aliyelowa hata kidole.

Nipange vipi safari hii isiwe kama ile? Na je, nimlazimishe mama kwenda Kaole au niache?

Halafu mama anataka kurudi Iringa na maji ya bahari kwa ajili ya miguu ya dada yake. Ni sawa?

Binti wa Iringa, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na mama umpe shikamoo yangu.

Nianze na huyo aliyezima bahari, kwa sababu ukimjua, nusu ya safari yako imeshajipanga.

Mlikwenda Idd el Fitri. Idd hiyo huja na mwezi mwandamo, na mwezi ukiandama, bahari ya kwetu inakuwa bamvua. Hali ni hiyo hiyo mwezi ukiwa mpevu. Siku za bamvua maji hujaa sana na hupwa sana, na pwani yetu ina saa zake: yanajaa kama saa kumi alfajiri, yanapwa kama saa nne au saa tano asubuhi, kisha yanajaa tena saa kumi alasiri. Kati ya kujaa na kupwa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwa kuwa ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare, mita hizo chache za kushuka zinageuka mwendo mrefu wa matope. Mlifika saa ambayo mvuvi yeyote angewaambia mkalale kwanza. Na mkaondoka saa nane! Mngevumilia saa mbili tu, ingewafuata hapo hapo mlipokaa na chipsi zenu.

Sasa, katikati ya bamvua mbili kuna siku tunazoziita maji mafu. Bahari inakuwa mvivu. Haijai kupita kiasi wala haikimbii mbali, na saa zake zinageuka: inajaa asubuhi kama saa nne hadi saa tano, inapwa alasiri, na hata ikipwa maji unayaona. Hizo ndizo siku za mtu mwenye watoto na mama mzee. Utazijuaje? Tazama juu usiku. Mwezi ukiwa nusu, kama chungwa lililokatwa katikati, umefika. Kama jirani yako ana kalenda ya Kiislamu ukutani, tafuta Jumamosi iliyo karibu na tarehe 7 au 8 ya mwezi mwandamo, au 21 au 22. Ikisogea siku moja huku au huku si neno, ila kumbuka kila siku maji huchelewa kama dakika 50, wakati mwingine zaidi, basi upige hesabu yako. Una Jumamosi tatu mkononi. Iliyo jirani zaidi na mwezi nusu ndiyo yako, hata kama siyo ya baada ya mshahara.

(Wachumba huniandikia wakitaka kwenda mwezi ukiwa mpevu, kwa ajili ya picha za usiku. Waende. Usiku watapata picha, kesho yake saa nne watapata kaa.)

Sasa mumeo. Mwanangu, usimwite mkorofi. Mwanaume anayeona haya kumvulia shati mama mkwe wake amelelewa, na kula chumbani mwezi mzima ndani ya nyumba anayoilipia kodi si jambo dogo. Usimwambie "mambo ya kizamani hayo." Wewe mpangie safari ambayo haya yake itapata pa kukaa.

Kulala: msichukue vyumba viwili vya kupakana. Chukueni gesti mbili, mtaa mmoja, ndani ya mji. Wewe, mama na mkubwa mlale moja, mumeo na mtoto mdogo walale nyingine. Ni usiku mmoja, ndoa haitakufa. Tena gesti za mjini ni nafuu kuliko za ufukweni, na kutoka mjini hadi majini mnakwenda kwa miguu.

Kuogelea: Jumapili asubuhi mama yako atakuwa wapi? Kanisani. Na kama umefuata mwezi wangu, Jumapili hiyo maji yanapanda tangu asubuhi na kujaa kama saa tano. Basi mama na wewe mnakwenda misa, mumeo na watoto wanakwenda majini na bukta yake, avae hata mbili. Mkirudi ameshavaa shati na kufunga vifungo. Ulizia saa za misa Jumamosi mkifika, uchague ile inayowapa watoto muda mrefu wa maji. Na yeye asiwaachilie hao watoto macho yakiwa kwenye simu. Ufukwe tambarare unamdanganya mtoto, anaona maji ya magoti kumbe yanapanda. Awavalishe viatu vya plastiki pia, chini kuna vipande vya makombe.

Na kwenye chakula usimkalishe meza moja na mama kwa kutaka kuonyesha kwamba mmeendelea. Mpe kazi: nauli, bajaji, kubeba mtoto, kutangulia kuulizia. Mkwe mwenye kazi ya kufanya haonekani kama anamkwepa mtu.

Kaole sasa. Hapa nitakaa kidogo, univumilie, maana ninyi watatu mmeikosea wote.

Swali la mama yako ndilo swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. "Tunawajua?" Mwambie ukweli: wengi hatuwajui majina. Tunajua walikuwa watu wa mji, mji wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye misikiti miwili, na ule wa zamani zaidi umekadiriwa kuwa wa karne ya 13. Livingstone yule mmisionari mpelelezi, mapadre, Mjerumani na hata hiyo Bagamoyo yenyewe unayoiona leo, wote wamekuta watu hawa wameshalala kaburini. Wamezikwa kwa heshima na wenzao. Na wapo wanaojulikana mpaka leo: kuna kaburi la Sharifa, binti aliyesifika kwa ucha Mungu, na watu bado wanalijia kwa dua. Kwa hiyo mama hajakosea, makaburini haendi mtu kutembea ovyo. Asiende kutembea. Aende kuamkia.

Mwambie hivyo hivyo. Ajifunge kitenge chake, akifika asimame, aseme analolisema kwao mtu akipita penye wazee waliolala. Watoto wasipande juu ya kaburi wala kukalia ukuta wake kwa ajili ya picha. Nimeona watu wazima wanafanya hivyo na miwani ya jua usoni, nikatamani fimbo. Na kama akifika getini moyo ukakataa, usimburute. Akae kivulini na mdogo, wewe na mumeo mwingie. Kumlazimisha hapana, lakini kumnyima nafasi ya kuchagua akiwa ameshafika pia si haki.

Mumeo anayesema "mawe," mpeleke kwenye makaburi ya nguzo. Ni makaburi yaliyosimamishiwa mnara mwembamba wa mawe kichwani. Mwambie aangalie juu, penye mashimo ya mviringo yaliyochimbwa kwenye lipu, saizi ya bakuli la mchuzi. Ndimo yalimopachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Yenyewe hayapo tena, zimebaki nafasi zake. Mmulize: mtu wa Kaole alilipataje bakuli la China, na alikuwa na uwezo gani hata akalibandika kaburini badala ya kulilia wali? Mwanaume anayependa hesabu ataanza kuhesabu mwenyewe.

Halafu kisima. Kipo karibu na bahari lakini maji yake si ya chumvi. Mama yako, mtu wa mashamba, hilo litamsimamisha kuliko msikiti. Anawe uso tu, asinywe. Kuna na mbuyu mzee, unaosemwa una miaka 500, na hakuna mtoto atakayekubali kuondoka bila kuuzunguka.

Ukimaliza hapo tafuta bahari. Mji wa bandari huu, majahazi yalikuwa yanafunga hapa. Mbele yako utaona mikoko. Mchanga na tope vilijaa kidogo kidogo, mikoko ikaota, vyombo vikakosa pa kuingilia, biashara ikahamia Bagamoyo, umbali wa kama kilomita 5 tu. Mwambie mwanao mdogo kwamba ile bahari iliyozimwa siku ya Idd ilirudi saa kumi. Ya Kaole ndiyo haikurudi.

Mwongozaji mchukue pale pale kwenye ofisi ya magofu, siyo anayekufuata njiani. Raia analipa kidogo kuliko mgeni, bebeni vitambulisho, mpewe risiti. Yule wa elfu arobaini alikuwa na bahati, mimi ningemuuliza Mjerumani gani.

Ratiba ya Jumamosi, kwa kifupi. Stendi ya Makumbusho muwe mmeshapanda basi kabla jua halijachomoza vizuri. Ni kilomita kama 70 tu, lakini Tegeta na Bunju wana foleni yao. Mkishuka stendi, kabla ya chai, kabla ya kuweka mabegi, mchukue mama umpeleke ufukweni. Maji yatakuwa yanakaribia kujaa. Usitoe simu. Usimwambie "mama cheka." Simama nyuma yake, mwache aitazame, na kama atasema tena ni kama bwawa, basi amesema, umeshamfikisha. Mimi naona atavua viatu.

Ndipo chai, kisha bajaji kwenda Kaole. Bei mpatane kabla hamjakaa, na mpatane ya kwenda, kusubiri na kurudi, maana kule hamtakuta bajaji zimejipanga. Kivuli ni kidogo, kofia na maji ya kunywa ni lazima. Mchana mle, mama alale. Alasiri maji yakiwa yameshuka kidogo, mtembeze kwenye mchanga ulioloa, ni mgumu na wa baridi, miguu ya mzee inaupenda. Mwishie soko la samaki mtazame mashua na wanaokaanga. Ngome Kongwe na Boma mtaviona kwa nje mkipita. Ile Boma ya 1897, hiyo kweli ni ya Mjerumani. Habari za jina la mji na "kubwaga moyo" sikuelezi, utazisikia mara sita kabla ya chakula cha usiku.

Jumapili ni ya mama. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 kutoka Zanzibar, kwa hiyo katekisimu haikumdanganya. Kanisa dogo la kale ni la mwaka 1872. Misa mtaisali kwenye kanisa kubwa, lililokamilika mwaka 1914, halafu mwombe mtu awaonyeshe lile dogo. Ndimo ulimolazwa mwili wa Livingstone usiku mmoja, Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Aliyekufa ni mzungu, lakini mimi huwaza waliombeba. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walitembea nao kutoka kijiji cha Chitambo, kwenye nchi inayoitwa Zambia leo, miezi inapita, mpaka pwani. Mama yako ametoka Iringa kwa basi na alishuka analalamika magoti. Hilo atalielewa bila mwongozaji.

Kuna makumbusho ya misheni pale, na humo mna habari za utumwa, minyororo na watu waliokombolewa wakajengewa kijiji. Ni nzito. Mkubwa wako wa miaka 9 anaweza, mdogo bado. Umpeleke huyo kwenye mbuyu wa misheni, mkatafute mnyororo uliomezwa. Inasimuliwa kwamba mama mmoja mzungu alikuwa anafungia punda wake hapo zaidi ya miaka 100 iliyopita, mnyororo ukasahaulika, mti ukanenepa ukaumeza. Zimebaki pete chache nje. Mtoto atavuta, utaona.

Hela yako inatosha mkila chakula cha mjini na kutokodi gari. Kitakachoila ni vile vidogo vidogo vya watoto. Uwatengee elfu kumi, ikiisha imeisha.

Na maji ya bahari. Mwache achukue, nani wa bara aliyekwenda pwani akarudi mikono mitupu? Achote asubuhi ya Jumapili maji yakiwa yanajaa, mbali na soko la samaki. Ila muulize kwanza miguu ya huyo dada yake ina nini. Kama ni uchovu, akandwe kwa raha zake. Kama ina kidonda, na hasa kama dada ana sukari, maji hayo yasiguse kidonda, aende zahanati. Na asiyatie kwenye chupa ya soda, kwenye buti la basi kifuniko kinaachia kabla hamjafika Mikumi na nguo za abiria wote zitanuka pwani. Tafuta kidumu chenye kifuniko cha kukaza, usikijaze hadi shingoni, na akipakate mwenyewe.

Shangazi